Oili Niliyoichenjua kwenye Karai la Mama

Jumatatu, 5 Januari

Jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama, hata padre: jana watu walipokuwa misani nilifungua nati ya chini ya injini ya Baba nikaiba oili. Nusu lita. Nilikuwa nimesema naumwa tumbo ili nibaki nyumbani. Nilipomaliza, tumbo likaniuma kweli.

Si wizi wa kuuza. Ni wizi wa kisayansi.

Karasha la Baba linasaga mawe ya wachimbaji hapa Segese mpaka yanakuwa unga. Linazungushwa na injini ya dizeli. Injini ikizima, nyumba nzima imezima. Baba ndiye anayeisimamia, lakini mgongo wake umeanza kumkatalia. Mwezi huu anataka kumkabidhi mtu. Kuna mimi, Vaileth, niliyemaliza kidato cha nne Novemba na kupata A ya kemia kwenye mtihani wa moko. Na kuna Amosi, binamu yangu wa Ushirombo, ambaye kemia anaifahamu kwa upande wa chumvi ya mezani tu.

Baba amesema mwisho wa mwezi atamwita Amosi, isipokuwa kama mimi nitaonyesha kitu. Amosi akija huku, mimi nakwenda kwao, kwa Shangazi Theopista, kumsaidia kulea. Tutabadilishwa kama mitungi ya gesi.

Nionyeshe kitu gani? Mbele ya wanaume sauti yangu inakwama kooni. Sauti anayo Ritha. Tulikaa dawati moja miaka minne, na sauti yote ya dawati alichukua yeye. Baba yake, Mzee Marcelino, ana duka la oili barabarani. Tangu Desemba wanauza oili ya sintetiki, na Ritha anasimama mlangoni kuwafundisha madereva. Baba akainunua. Sasa nyumbani kwetu ni Ritha kasema, Ritha kasema. Ritha kasema ya kawaida inamwagwa baada ya saa mia mbili na hamsini za kazi, sintetiki baada ya saa mia tano. Baba akaandika 500 ukutani kwa mkaa, karibu na picha ya Bikira Maria!

Mpango wangu ni huu. Boaz, mume wa dada yangu Noela, anaendesha lori la kampuni moja inayobeba mawe Bugarama. Kwao oili iliyotumika haimwagwi hivi hivi. Kidogo kinatiwa kwenye chupa na kupelekwa maabara Mwanza, na maabara inasema ndani yake kuna chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, vumbi kiasi gani. Kama mgonjwa anayepimwa damu. Krismasi alinipa chupa mbili zilizobaki kazini. Boaz naweza kumuuliza maswali kwa sababu akila hamtazami mtu.

Nitapima oili ya Ritha. Nitaionyesha ilivyo.

Sasa utaalamu. Huku kwetu kila mtu anajua kwamba kitu cha maana kinakaa chini. Hakuna mchimbaji anayempelekea mnunuzi maji ya juu ya karai. Basi nikaitia oili kwenye karai la Mama, lile la kuoshea mchanga wa dhahabu, nikalisukuma chini ya kitanda, nikaiacha itulie mpaka asubuhi. Leo nimemwaga ya juu taratibu, nikizungusha mkono kama Mama anavyofanya. Chini kumebaki uji mweusi, mzito. Chupa imejaa mpaka shingoni. Ukiiinamisha juani inameta!

Chupa ya pili ni ya kulinganisha. Jirani yetu Mama Nyamizi ana karasha kama letu na injini kama yetu, ila anatumia oili ya kawaida ya kwenye pipa. Nilimsalimu shikamoo mara mbili kwa woga. Nikamwambia naomba oili chafu kidogo ya bawaba za mlango. Akaniuliza mlango gani huo unaolia kuliko karasha. Akanichotea kwenye dumu alilomwagia wiki iliyopita, ya juu juu, ili nisichafue mikono. Mama mkarimu sana.

Jumatano, 7 Januari

Boaz amezipitia chupa akielekea zamu. Ameuliza kama nilichukua injini ikiwa moto. Nimesema ndiyo. Ameuliza kama niliacha ya kwanza imwagike, nikakinga ya katikati. Nimesema ndiyo. Ameuliza kama chombo kilikuwa kisafi. Nimesema ndiyo kwa haraka kiasi kwamba aliacha kutafuna.

Kwenye kibandiko nimeandika saa za injini. Ya Baba, mia mbili na kumi. Ya Mama Nyamizi sikuuliza. Nimeandika mia mbili na kumi pia, ili iwe haki.

Matatizo mawili. La kwanza: Baba amechomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili imeshuka. Amezunguka injini na kitambaa akitafuta inapovuja. Amelala chali chini yake, na mgongo ule. Hajaona kitu. Amesema injini imeanza kula oili, na akalisema kwa sauti ya mtu anayemtaja mgonjwa. Nilikuwa natwanga karanga. Niliendelea kutwanga mpaka zikawa mafuta.

La pili: Mama ameosha mchanga wake wa wiki nzima kwenye karai lile. Nilikuwa nimelifuta kwa gazeti. Halikutosha. Dhahabu ikakataa kushuka, ikaelea na kutoka na maji. Mama alikaa akilitazama karai kama limemtukana. Amesema kuna mtu kamroga. Amemtaja Mama Nyamizi!

Jumapili, 11 Januari

Nimekwenda misani. Baada ya misa Ritha alikuwa na wanaume sita wamemzunguka nje ya kanisa. Wanaume! Alikuwa anaeleza kwamba oili ya kawaida inasafishwa kutoka kwenye ile inayochimbwa, lakini sintetiki inatengenezwa, kila chembe saizi moja, kwa hiyo haikatiki haraka kwenye joto. Mmoja akamwambia hebu wewe binti uolewe na fundi mpate watoto wa grisi. Wakacheka. Ritha akajibu kwamba fundi mwenyewe kwanza ajue kusoma namba kwenye galoni. Wakacheka zaidi, ila sasa wakimcheka yule.

Nilikuwa nimeandaa sentensi. Niliifanyia mazoezi tangu mahubiri. Ilikuwa hivi: kusema inadumu si kuthibitisha, oili hupimwa maabara. Nikakaribia. Wote wakageuka. Nikafungua mdomo. Ikatoka shikamoo. Wakajibu marahaba wote sita, na Ritha naye akajibu marahaba kwa utani. Ana miaka kumi na minane kama mimi!

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Maabara itasema kwa niaba yangu.

Alhamisi, 15 Januari

Majibu yamekuja! Boaz ameyatuma kwenye simu bila neno lolote, akiwa zamu. Karatasi mbili, Kiingereza kitupu na namba.

Oili ya Baba: chuma 914. Mchanga, ambao wao wanauita silikoni, 760. Namba zote mbili zimepakwa rangi nyekundu. Oili ya Mama Nyamizi: chuma 31, mchanga 12. Kijani.

Nilikuwa na hakika, lakini sikutegemea hakika ya ukubwa huu. Nikajumlisha namba zote kama pointi za mtihani, kwa sababu mwenye pointi chache ndiye bora. Oili ya pipa imepata divisheni wani. Sintetiki ya Ritha imepata ziro, tena ziro ya kufukuzwa shule. (Baadaye nimegundua nimejumlisha na ile namba ya nguvu ya kuua asidi, ambayo ikiwa kubwa ndiyo vizuri. Haidhuru. Haibadilishi mshindi.)

Chini ya karatasi ya Baba maabara wameandika maneno. Nimeyatafsiri kwa kamusi ya shule. Wamesema: hali ni ya hatari, simamisha injini. Kisha kuna mstari wa mwisho. Unasema namba hizi si za kawaida, huenda sampuli ilichafuka wakati wa kuchukuliwa, chukueni nyingine mtume kabla ya kuifungua injini.

Nimeutazama mstari ule muda mrefu.

Chupa nyingine sina. Mwisho wa mwezi u karibu. Na mstari wenyewe umesema huenda. Kitu kinachosema huenda hakijui.

Nimempigia Boaz. Alikuwa amechoka. Amesema karatasi ile haimwambii mtu oili ipi ni nzuri dukani. Inaonyesha kilichoingia kwenye injini, na oili inavyohimili. Ukitaka kulinganisha oili mbili unahitaji injini ileile, saa zilezile, sampuli nyingi, miezi mingi. Anaongea kama mwalimu asiyetaka kutoa maksi.

Nimeandika tafsiri kwa Kiswahili, kwa mwandiko mzuri, namba nyekundu kwa kalamu nyekundu. Mstari wa mwisho sikuuandika. Karatasi iliishia pale kwenye simamisha injini, na nafasi ilikuwa bado ipo.

Ijumaa, 16 Januari

Niliiweka chini ya kikombe chake cha chai. Baba akaisoma mara tatu, midomo ikicheza. Akauliza nani kaleta. Nikasema maabara ya Mwanza. Akauliza nani aliyetoa oili kwenye injini yake. Nikasema Boaz.

Sikuwa nimepanga kusema Boaz. Lilikuwa jina la karibu.

Baba akatoka nje bila viatu akaizima injini. Ukimya ulioingia pale uani! Wachimbaji waliokuwa na mawe kwenye foleni wakanyanyuka. Mmoja akauliza kulikoni, Mzee Paschal, kuna msiba? Baba akawainulia karatasi yangu. Akaisoma kwa sauti, yote, mwandiko wangu wote, mbele ya wanaume kumi na wawili. Chuma mia tisa na kumi na nne! Mmoja wao akasema hiyo sasa si oili, hiyo ni supu ya misumari.

Kisha akampigia Boaz kumshukuru. Nilisimama nyuma ya mlango. Akamwambia mkwe wangu, umeokoa nyumba hii, kumbe nilioza binti kwa mtu mwenye akili. Nikasikia sauti ya Boaz ndani ya simu ikisema ni kawaida tu, Baba, ndiyo kazi yetu. Amekubali! Miaka mitatu Baba hajawahi kumsifu Boaz kwa lolote. Siwezi kumlaumu. Namlaumu hata hivyo.

Jioni Baba aliniita. Amesema mtoto anayeweza kusoma makaratasi ya maabara hapaswi kwenda kulea. Amesema Amosi asubiri kwanza.

Asubiri kwanza! Nimeandika maneno hayo na kuyapigia mstari.

Jumatatu, 19 Januari

Fundi Mwigulu amekuja kushusha injini, yaani kuifungua yote. Anashusha injini zote za Segese, na zote anazishushia pale pale zilipo, juu ya gunia. Karasha la Mama Nyamizi lipo hatua kumi kutoka kwetu na lilikuwa linafanya kazi, maana wateja wetu wote wamehamia kwake. Vumbi lilikuwa kama unga wa sembe. Fundi alipiga chafya, akafuta pistoni kwa shati, akapiga chafya tena.

Alipofika ndani akaweka spana chini. Akamwita Baba. Beringi zinang'aa. Kuta za silinda zinang'aa. Fundi akasema mzee, mimi nimeshusha injini miaka ishirini, hii ni injini ya bibi harusi. Baba akamwonyesha karatasi. Fundi akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akaitazama injini, akaitazama karatasi. Akasema basi ugonjwa wenyewe ni wa ndani kwa ndani, jicho haliwezi kuuona. Na kwa kuwa tumeshafungua, tubadilishe ringi.

Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshika sinia la chai, umbali wa mita mbili. Ningesema Baba, kuna mstari mmoja sikuuandika. Maneno matano! Nimeyahesabu. Nikasema karibuni chai.

Sintetiki iliyomwagwa Baba amewagawia wenye mazizi. Wamepaka nguzo ili mchwa wasile. Yote imeisha. Hakuna hata tone la kupima tena. Niliona nafuu, kisha nikaona aibu kwa kuona nafuu, kisha wakaniita nikaoshe vikombe.

Alhamisi, 22 Januari

Injini imewaka! Ina oili ya pipa. Baba amenikabidhi kitambaa, kijiti cha kupimia na daftari la saa. Nimesimama kando yake tangu asubuhi. Wachimbaji wananisalimu. Mmoja ameniita fundi. Nimemjibu, tena kwa sauti aliyoisikia.

Saa sita na nusu za kazi. Oili ipo kwenye alama. Moshi wa kawaida.

Sijawahi kuwa na siku kama hii. Sina cha kuongeza.

Jumamosi, 24 Januari

Asubuhi ilianza kugonga. Kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Nikaandika kwenye daftari la saa: inabisha hodi. Ningemwita Baba, lakini alikuwa na wateja, na mimi kupaza sauti mbele ya wateja bado sijazoea. Nikasema nisubiri wapungue.

Hawakupungua. Saa nne ikagonga kama mchi. Moshi ukawa wa bluu. Saa nne na robo ikapiga kelele moja ambayo sitaki kuieleza, ikasimama, na mkanda ukakatika na kuruka juu ya bati.

Imenoki. Imekufa.

Fundi Mwigulu amekuja na kuifungua tena. Chini ya oili kulikuwa na tope. Alilisugua kati ya vidole viwili, na nilisikia likikwaruza. Vumbi. Vumbi la kusagwa, lile lile lililokuwa likimwangukia wakati anapiga chafya. Alilijua. Niliona usoni kwamba amelijua. Akajifuta vidole kwenye suruali akasema mzee, hii ni ile sintetiki. Ilishakula injini, sisi tumekuta mzoga.

Baba alikaa juu ya gunia. Mama akamshika bega, akamwambia Baba Noela, simama kwanza, watu wanatazama. Hakusimama.

Jumanne, 27 Januari

Segese nzima inajua kwamba oili ya Mzee Marcelino inaua injini. Kuna uthibitisho wa maabara, kuna fundi wa miaka ishirini, kuna mkwe anayefanya kazi Bugarama. Watu wamerudisha magaloni na kuyapanga mlangoni pake kama majeneza ya watoto. Mtu kaandika kwenye ukuta wake kwa chaki: SUPU YA MISUMARI.

Boaz alikuja kutoa pole. Alinivuta kando, akaniuliza Vaileth, sema ukweli, ulichukuaje ile sampuli? Nikasema kama ulivyonielekeza, shemeji. Akanitazama, safari hii bila kula chochote. Kisha akasema basi tuyaache, maana na mimi nilishapokea shukrani. Mambo ya karai hayajui. Ya ule mstari aliyaona tangu alipoituma karatasi. Nadhani anafikiri Baba aliambiwa, akapuuza.

Mchana alikuja Ritha. Nilitamani aje na matusi. Alikuja na galoni jipya ambalo halijafunguliwa na kalamu. Macho yamevimba. Akasema Vai, wewe ndiye mwenye akili ya kemia kati yetu, mimi nakariri tu ya kwenye galoni. Nionyeshe karatasi ya Kiingereza. Baba yangu halali. Anasema kama ni kweli kauza sumu, afunge duka mwenyewe. Lakini kama kuna kosa mahali tulitafute wote wawili.

Karatasi ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu. Ilikuwa na joto pajani.

Nikasema nimeifuta.

Akasema tuwaombe maabara watume nyingine. Nikasema hawatumi mara mbili. Akasema kweli? Nikasema ndiyo utaratibu. Akasema yeye miaka yote alikuwa anaongea sana darasani ili mwalimu asiniulize mimi, kwa sababu aliona ninavyotetemeka. Hakulisema kwa ubaya. Akachukua galoni lake akaondoka.

Nimeichukia sentensi hiyo kuliko zote nilizowahi kusikia. Kama alinifanyia hisani, mbona hakuniomba ruhusa?

Ijumaa, 30 Januari

Baba ameamua. Injini itauzwa chuma chakavu, na yeye anarudi kulima mpunga na mgongo ule. Karasha limefunikwa kwa turubai. Amosi haji, maana hakuna cha kusimamia. Nikafikiri angalau hilo.

Kisha akasema mimi nakwenda Ushirombo kesho. Shangazi bado anahitaji mtu wa kulea. Nikauliza kwa sauti ndogo kwa nini, wakati Amosi haji. Akasema, bila hasira yoyote, na hilo ndilo baya, kwamba ningemwita pale niliposikia injini inagonga, pengine ingepona. Kwenye daftari la saa aliona nimeandika inabisha hodi. Saa mbili na dakika kumi. Aliniuliza niliandika ili asome nani.

Jumapili, 8 Februari. Ushirombo

Shangazi Theopista ana mapacha wanaolia kwa zamu. Ana mashine ya kusaga mahindi, na mashine ina injini ya dizeli, na anayeisimamia injini ni Amosi. Mimi nampikia. Anakula akiwa amesimama, kiunoni amechomeka kitambaa. Jana ameniambia dada Vaileth, siku moja nitakufundisha kupima oili. Nimemwambia asante.

Mama amepiga simu. Mzee Marcelino anafungasha kurudi kwao. Ritha hasimami tena mlangoni. Anauza nyanya, na anaziuza kimya kimya. Mama amesema ni kama mtu kamwibia sauti.

Nimelia kidogo. Nimemwandikia barua. Nimeandika yote: karai, ile nusu lita, mstari wa mwisho. Kurasa tatu. Ilikuwa barua nzuri sana. Nimewashia jiko.

Maana barua ingemsaidia nani? Ingeniharibu mimi, Boaz na Fundi Mwigulu, kwa ajili ya duka moja. Kuna njia bora, nimeiona wakati nakoroga uji wa mapacha. Ni ya kisayansi kabisa.

Amosi naye anatumia sintetiki ileile. Katoa dukani kwa Mzee Marcelino Desemba, magaloni mawili, na moja halijafunguliwa. Nitachukua oili mpya, safi, isiyowahi kuingia kwenye injini. Nitatia masizi ya sufuria kidogo iwe nyeusi. Chupa ya maabara sina, lakini ipo ya dawa ya kikohozi ya mapacha, nimeiosha kwa sabuni. Nitaandika kwenye kibandiko: injini ya Amosi, saa mia nane. Maabara watakuta hakuna chuma wala mchanga. Divisheni wani! Karatasi nitaituma Segese, watu watasoma kwamba oili ile haina kosa hata ikifika saa mia nane, Mzee Marcelino atafungua duka, Ritha atapata sauti yake, na hakuna atakayeumia.

Amosi nimeshamdokezea kwamba karatasi inakuja. Amefurahi. Amesema kama ni mia nane, basi yeye oili hagusi mpaka mvua za mwisho. Ameandika 800 ukutani.

Chupa inaondoka na basi la kesho asubuhi. Wewe uliyefika mpaka ukurasa huu unajua kila kitu, na ni wewe peke yako. Ukikutana na Baba, msalimie tu. Ukikutana na Ritha, nunua nyanya uende zako. Tafadhali. Safari hii nimeosha chupa vizuri.